Silurian, Pelagos au boti ya Watamu: ujitolee wapi kwa ajili ya nyangumi na pomboo?

Mpwa wangu ni muuguzi, anaishi Leicester, na mwaka huu amepata likizo ya siku kumi mfululizo. Juzi alinitumia viungo vitatu vya mtandao kwa mpigo, cha Silurian ya Scotland, cha Pelagos ya Italia na cha boti za Watamu, pwani ya Kenya, na ujumbe mfupi: "Shikamoo mjomba. Nataka kujitolea kwenye meli ya utafiti wa nyangumi. Kati ya hizi, niende wapi?" Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza anataka kuwaona nyangumi au anataka kuwasaidia. Akajibu, kwani si ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Anayetaka kuwaona tu akate tiketi ya boti ya watalii: saa tatu baharini, picha mbili, akalale. Nahodha wa watalii anakwenda moja kwa moja pale walipoonekana jana. Meli ya utafiti mara nyingi haina ruhusa hiyo. Inafuata njia iliyopangwa, watu wawili wamesimama omo, yaani mbele ya chombo, mmoja anatazama kushoto na mwingine kulia, na wa tatu yuko ndani anaandika hali ya mawimbi, ukungu, meli zinazopita na majira. Saa nzima ikipita bila kuonekana hata pezi, saa hiyo inaandikwa vilevile. Hesabu ya wanyama bila hesabu ya muda na umbali wa kuwatafuta haina maana, kwa sababu pomboo kumi waliopatikana kwa siku moja si sawa na pomboo kumi waliopatikana kwa mwezi mzima. Sifuri nayo ni data. Sehemu kubwa ya kazi ya mtu wa kujitolea ni kukusanya sifuri kwa uaminifu, jua likimchoma au mvua ikimnyeshea.

Kwa hiyo nilipoketi kumlinganishia, sikuanza na aina ya nyangumi. Nilianza na uvumilivu, tumbo, mfuko, na swali ambalo matangazo hayaliulizi: ni wapi mikono yake itaziba pengo ambalo mwingine hawezi kuliziba?

Scotland: Silurian

Shirika la Hebridean Whale and Dolphin Trust lilianzishwa mwaka 1994. Makao yake yako Tobermory, mji mdogo wa bandari wenye nyumba za rangi rangi, katika kisiwa cha Mull, magharibi mwa Scotland. Chombo chao, Silurian, kinatumia tanga na injini, nacho kimekuwa kikizunguka visiwa vya Hebrides na watu wa kujitolea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nafasi za wageni ni chache sana kwa kila safari, na mnaishi humo humo: mnapika kwa zamu, mnaosha vyombo kwa zamu, jioni mnatia nanga kwenye ghuba isiyo na nyumba hata moja. Mwezi wa Juni giza ni kama halipo kabisa.

Nyuma ya chombo kunaburutwa kebo ndefu yenye haidrofoni, yaani maikrofoni za chini ya maji. Sababu yake kubwa ni poposi, binamu mdogo wa pomboo, mwenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Huyu haruki, hachezi mbele ya omo, wala hana habari na wewe. Anatoa pezi dogo la pembetatu, anavuta pumzi, amekwenda. Bahari ikichafuka kupita daraja la pili la kipimo cha Beaufort, macho ya mtu yanaanza kumkosa. Sauti zake nazo ziko kwenye kilohezi 130 hivi, wakati sikio la binadamu linakomea 20. Kompyuta ndiyo inayomsikia, wewe unaona vistari kwenye kioo. Nimemwambia mpwa wangu: unaweza kumaliza siku umepita katikati ya poposi thelathini na hujamwona hata mmoja. Kama jambo hilo litakuudhi, usiende.

Wakubwa wapo pia. Kuna nyangumi minke, wa mita nane hivi, ambaye mabaharia wa huko humtania kwa uvundo wa pumzi yake, na wanasema akipita upande wa upepo utamnusa kabla hujamwona. Kuna papa mkubwa anayekula vijidudu vya baharini kwa kuachama. Na ukiwa na bahati ya mtende, kuna wanyama wawili ambao wavuvi wa pwani ile wanawajua kwa majina: John Coe na Aquarius, madume wawili wa oka, yaani nyangumi wauaji.

Hawa wawili wana kisa kizito. Kundi lao la pwani ya magharibi lilianza kufuatiliwa miaka ya 1990, na tangu hapo hajawahi kuonekana ndama hata mmoja. Januari 2016 jike wa kundi hilo, aliyeitwa Lulu, alikutwa amekufa kisiwani Tiree, mwili una alama za kunaswa na kamba za uvuvi. Walipompima walikuta kemikali za viwandani ziitwazo PCB kwa kiwango ambacho ni miongoni mwa vikubwa zaidi kupata kurekodiwa kwa mnyama wa jamii hiyo. Kemikali hizo zilipigwa marufuku miongo mingi iliyopita, lakini bado ziko baharini na zinapanda kutoka samaki mdogo hadi mla samaki mkubwa. Miaka hii wanaoonekana ni wale madume wawili tu. Mtu wa kujitolea anayewapiga picha leo anaandika kurasa za mwisho za daftari la ukoo.

Upande wa matokeo, Silurian ina la kujivunia. Takwimu zake zilitumika kujenga hoja ya kutenga eneo kubwa la Inner Hebrides and the Minches kwa ajili ya poposi, pendekezo lililopelekwa rasmi mwaka 2016. Mwaka 2020 Serikali ya Scotland ilitenga eneo la Sea of the Hebrides kwa ajili ya nyangumi minke na yule papa mkubwa. Sifuri na moja za watu wa likizo, zikipangwa miaka kumi na tano, ziligeuka kuwa mipaka kwenye ramani.

Italia: Pelagos

Taasisi ya Tethys ilianzishwa Milan mwaka 1986, na tangu 1990 inafanya utafiti katika Bahari ya Liguria, kati ya Italia, Ufaransa na kisiwa cha Corsica. Chombo chao kinaitwa Pelagos. Kinaanzia bandari ya mashua ya Portosole mjini Sanremo, na safari ni za siku sita, katika miezi ya joto.

Jina la chombo linafanana na jina la hifadhi yenyewe. Italia, Ufaransa na Monaco zilitia saini mkataba wa Hifadhi ya Pelagos mwaka 1999, ukaanza kazi 2002, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 87,500. Wakati ule sehemu kubwa ilikuwa bahari kuu, nje ya mipaka ya nchi yoyote, na lilikuwa jambo geni kabisa. Takwimu za Tethys zilikuwa miongoni mwa msingi wake.

Tofauti ya kwanza na Scotland ni kina. Pale Liguria ukiondoka bandarini muda mfupi tu tayari una maji ya zaidi ya mita elfu mbili chini yako, kwa hiyo wanyama wa kina kirefu wako karibu. Kuna nyangumi pezi, wa pili kwa ukubwa duniani baada ya nyangumi buluu, ambaye taya lake la chini upande wa kulia ni jeupe na la kushoto ni jeusi, kana kwamba aliyempaka rangi aliitwa akaenda kula. Kuna nyangumi mwenye mdomo uliochongoka, anayezama chini kuliko mamalia wote. Pomboo wa milia ni wengi, na hao ndio watakaokuja kucheza mbele ya omo na kukusahaulisha saa nne za sifuri.

Ila anayestahili nauli yako ni nyangumi wa ambari. Ndiyo, yule yule wa ambari, ile nta ya manukato iliyokuwa ikiokotwa kwenye fukwe zetu na kusafirishwa Uarabuni tangu enzi za kale. Huyu anawinda ngisi gizani kwa kubisha: tak, tak, tak, na mlio wake, tofauti na wa poposi, sikio lako linausikia bila msaada wa vistari. Mabaharia wa zamani waliosikia mlio huo ukipita kwenye mbao za meli walimwita samaki seremala. Kazi yenu ni kutumbukiza haidrofoni, kusikiliza anapiga nyundo upande gani, kumfuata polepole, kisha kungoja. Anaweza kukaa chini dakika arobaini na tano. Nyundo zikinyamaza, kila mtu anasimama na darubini, maana anapanda. Atapumua dakika kama kumi hivi, na anapozama tena anainua mkia. Sekunde mbili tatu za mkia ule ndizo zinazotakiwa kwenye picha, kwa sababu ukingo wake una mikato isiyofanana na ya mwingine. Kwetu wafugaji hukata masikio ya mbuzi ili wawatambue. Huku bahari imewakata yenyewe, na kazi yako ni kusoma alama.

Hatari kubwa kwa nyangumi pezi na nyangumi wa ambari kule ni kugongwa na meli: feri za watalii, meli za makontena, zote zinakatiza hapo hapo. Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, lilitangaza kaskazini-magharibi mwa Mediterania kuwa eneo nyeti, na kuzishauri meli zipunguze mwendo hadi noti 10 mpaka 13, yaani maili za baharini kwa saa. Ni ushauri, si amri. Ndiyo maana ramani za mahali walipo nyangumi bado zinahitajika kila kiangazi.

Kwa anayeanza, nadhani Pelagos ni shule nzuri kuliko Silurian. Maji ni ya uvuguvugu, upepo wa kiangazi una adabu kiasi, na mihadhara ya watafiti ni sehemu ya safari. Kasoro yake ni hiyo hiyo: ina ladha ya likizo. Ukifika Agosti ukaona wenzako wanaota jua kwenye deki kati ya zamu, usishangae, na usijifunze kwao.

Anayelewa na bahari aangalie Vonitsa

Mpwa wangu hakuwa na kiungo hiki, mimi ndiye niliyemwongezea. Tethys hao hao wana mradi Ugiriki, katika mji wa Vonitsa kando ya Ghuba ya Amvrakikos. Unalala nyumbani, nchi kavu, kitanda hakitikisiki. Asubuhi mnatoka na boti ndogo ya mpira, mchana mmerudi mnapanga picha. Ghuba imezungukwa na ardhi karibu pande zote, na ndani yake wanaishi pomboo wa chupa, wenye mdomo kama shingo ya chupa, kama 150. Siku ya kutoka patupu ni nadra.

Mradi huu ndio uliotoa hadithi inayonikereketa kuliko zote. Nje ya ghuba, kuzunguka kisiwa cha Kalamos, katikati ya miaka ya 1990 walihesabu pomboo wa kawaida wapatao 150. Kufikia 2007 walibaki 15. Watafiti waliwahesabu mwaka baada ya mwaka, wakawaona wanapungua, wakaandika sababu waziwazi: samaki wadogo ambao pomboo walikuwa wakila walivuliwa mpaka wakaisha. Wakaonya. Na walipungua tu. Utafiti si ulinzi, na mtu akikuuzia safari kwa kusema "utaokoa pomboo", mwambie akueleze ya Kalamos.

Nyumbani: Watamu na jirani zake

Hapa hakuna chombo chenye vitanda, ratiba ya siku sita na fulana yenye nembo. Kuna mashua za vioo, boti za uvuvi wa michezo, ngalawa, na watu. Mtandao wa Kenya Marine Mammal Network, ulioanza mwaka 2011, na Watamu Marine Association hukusanya taarifa kutoka kwa watu wa aina hiyo: nahodha wa boti ya kuvulia samaki wakubwa anayeona mpumuo upande wa mashariki, mwongoza watalii mwenye simu nzuri, mvuvi anayerudi alfajiri. Hifadhi ya bahari ya Watamu ipo tangu 1968, ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika.

Nyangumi nundu hufika kuanzia Julai. Wametoka bahari za baridi kali za kusini mwa dunia, wanafuata maji ya joto ili kuzaa na kupandana, na wanapitia Msumbiji na Tanzania hadi kwetu. Dume huimba, na wimbo unasikika mbali chini ya maji. Chini ya mkia kila mmoja ana michoro yake ya weusi na weupe, na picha moja nzuri ya mkia iliyopigwa Watamu inaweza kulinganishwa na zilizopigwa kusini kabisa.

Tatizo ni kusi. Nyangumi wanakuja na kusi, na kusi ndiyo inayowazuia wenye boti ndogo kutoka. Huwezi kupanga wiki moja ya Julai ukategemea siku sita za kazi. Ukipata mbili, shukuru. Kuanzia Septemba upepo ukilegea ndipo kazi inapoendeka, na kaskazi ikiingia bahari inatulia, ila nyangumi wameshaondoka na umebaki na pomboo, ambao wapo mwaka mzima. Wa chupa wa Bahari ya Hindi unawaona makundi makundi. Pomboo mwenye nundu ni mchache na mwenye haya, anapenda maji mafupi ya karibu na pwani, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Maji mafupi ndiko linakotegwa jarife, ule wavu mkubwa wa kutega. Hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu asome polepole. Duniani kote kinachoua pomboo na nyangumi wengi zaidi ni kunaswa kwenye nyavu ambazo hazikutegwa kwa ajili yao. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni zaidi ya wanyama 300,000 kwa mwaka. Na jarife halionekani kwa darubini kutoka omo. Linaonekana kwa kukaa chini ya mti wa mkungu na mzee anayeshona wavu, kumwamkia, kunywa kahawa yake, na kuuliza mwaka jana ulinasa nini, wapi, mwezi gani, ukafanyaje. Mtafiti kutoka nje akiuliza, atajibiwa kwa adabu na ataambiwa anachotaka kusikia. Akiuliza mtoto wa pwani anayejua tofauti ya jarife na mshipi, jibu ni lingine.

Kwa kusini zaidi, kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, kwa miaka kadhaa kuanzia 2006 vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo walitoka Shimoni kila siku bahari iliporuhusu, wakipiga picha mapezi ya pomboo. Walilipa kuja, na picha zao zikazaa tafiti za kweli. Siwabezi. Najiuliza tu ingekuwaje kama nusu yao wangekuwa wanajua kusema "habari za baharini".

Ng'ambo ya pili, Kizimkazi ya Zanzibar, utalii wa pomboo ulianza miaka ya 1990 mahali ambapo hapo kabla pomboo waliwindwa kuwa chambo cha papa. Kiuhai ni nafuu kubwa. Lakini utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kuwa boti za watalii zikiwazunguka, pomboo wanapunguza kupumzika na wanaongeza kusafiri. Na mwishoni mwa Aprili 2006, mamia ya pomboo walipokutwa wamekufa ufukweni upande wa Nungwi na Kendwa, waliowaona kwanza walikuwa wavuvi, wanakijiji na watu wa mahoteli, si meli yoyote ya utafiti.

Mfuko, viza, na chungu cha jikoni

Pesa ndiyo inayoshangaza wengi: ujitolee na bado ulipe? Ndiyo. Kwa Silurian na kwa Pelagos, ada yako ndiyo mafuta, kebo ya haidrofoni na mshahara wa nahodha. Sioni aibu hapo, ili mradi wakuambie wazi. Pelagos ni mamia kadhaa ya euro kwa siku sita, na katikati ya kiangazi bei hupanda. Silurian ina safari fupi na ndefu, na ndefu inauma. Uliza kama chakula kimo, uliza sera ya kurudishiwa pesa hali ya hewa ikiharibika, na ongeza nauli ya kufika: Tobermory ni treni mpaka Oban, feri mpaka Mull, kisha basi, wakati Sanremo ni treni tu kutoka Nice au Genova. Watamu gharama ni kulala na kula, na kama una bibi Malindi, hata hiyo haipo.

Kwa msomaji aliye Mombasa au Dar, viza ndiyo bahari ya kwanza. Uingereza inamruhusu mwenye viza ya mgeni kujitolea kwa muda usiozidi siku 30 kwa shirika la hisani lililosajiliwa, kwa hiyo barua kutoka kwa shirika ina uzito. Kwa Italia na Ugiriki ni Schengen, pamoja na miadi yake ya kugombania. Anza miezi mitano kabla. Mtanzania anayekwenda Watamu anavuka Horohoro na pasipoti yake, basi.

Chakula: chombo kimoja, jiko moja, watu kumi. Muislamu aseme mapema kwamba hali nyama isiyo halali, na njia nyepesi ni kujiandikisha kama mla mboga na samaki. Hakuna atakayekununia, wengi wao hawali nyama pia. Kibla kinabadilika chombo kikigeuka, nahodha atakupa dira. Kuogelea, wenzangu wa pwani mniwie radhi, wengi wetu tunajivunia bahari na hatujui kuogelea. Sema ukweli kwenye fomu. Na dawa ya kutapika inamezwa saa moja kabla ya kutoka, si wakati kigegezi kimeshapanda. Kidonge kilichomezwa umeshika ukingo wa boti ni chakula cha samaki.

Asiye na ada kabisa asikate tamaa. Sea Shepherd, shirika la kimataifa la kulinda bahari, inapokea mabaharia wa kujitolea bila kuwatoza, ila inataka miezi, si siku, na kazi yake zaidi ni kupambana na uvuvi haramu kuliko kuhesabu wanyama. Mwaka 2018 meli yao Ocean Warrior ilifanya doria na vyombo vya Tanzania kwenye maji yetu.

Nikimaliza na hili: tangazo lolote linaloahidi kuogelea na pomboo, kuwalisha au kuwagusa, lifunge. Anayewapenda anakaa mbali na anazima injini. Kisha waulize wanaotangaza wamechapisha nini, na kama wanaandika saa za patupu. Wakikodoa macho kwa swali la pili, umepata jibu.

Nilimwambia nini

Kama hajawahi kushika darubini, Pelagos. Kama anajua tumbo lake ni gumu na anaridhika na vistari kwenye kompyuta, Silurian, na hapa yeye, muuguzi wa zamu za usiku, ana sifa kuliko wengi: kukaa macho saa sita bila kutokea jambo ndiyo kazi yake ya kila siku. Kama tumbo ni la maji, Vonitsa. Ila la Watamu nikamwambia si la kuchagua badala ya hayo. Ni la baada yake. Aende akajifunze kuandika sifuri kwa wanaojua, halafu arudi na ujuzi huo kwa watu wanaojua lilipo jarife na hawajawahi kuulizwa vizuri.

Alinyamaza siku mbili. Jana usiku kaandika kwamba amelipa amana ya Silurian, safari ya Agosti, na amempigia bibi yake simu kumwarifu kuwa Septemba ya mwakani atakuja Malindi kutafuta nyangumi. Bibi kauliza kama analiwa.